Kabla Hujatamba na LSD: Historia ya Difu Iliyookoa Giaboksi za Golf za Zamani

Kila aliyewahi kukwama kwenye tope anaijua picha hii. Dereva anakanyaga mafuta, injini inanguruma, tairi moja linazunguka kama feni na kuwarushia matope waliokuja kusukuma. Tairi la upande wa pili limetulia tuli, utadhani halihusiki. Gari haliendi popote.

Wengi hapo hulaumu tairi, wengine dereva. Kumbe mhusika mkuu amejificha chini ya gari, anaitwa difu. Na cha kushangaza ni kwamba wakati huo difu haijafa. Inafanya kazi ile ile iliyobuniwa kuifanya karibu miaka 200 iliyopita.

Hii ni historia ya watu waliokataa kuiacha iendelee hivyo. Wachache kati yao walikuwa na hati miliki na viwanda nyuma yao. Wengi walikuwa mafundi wa gereji za kawaida ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kazi yao kubwa iliishia ndani ya gari ambalo leo wapenzi wa ndinga za zamani wanalililia: Volkswagen Golf ya kizazi cha kwanza na cha pili.

Difu ilikuja kwa nia njema

Gari likikata kona, tairi la nje linasafiri njia ndefu kuliko la ndani. Kama matairi yote mawili yanayovuta yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingelazimika kuburuzwa kila kona. Tairi lingeisha haraka na usukani ungekuwa vita.

Mwishoni mwa miaka ya 1820, mhandisi mmoja wa Ufaransa aliyetokea kwenye ufundi wa saa alipata hati miliki ya kuweka gia za kutofautisha mwendo wa magurudumu kwenye gari la mvuke. Magari ya petroli hayakuwa hata ndoto wakati huo.

Wazo lenyewe ni rahisi ukilitazama taratibu. Kuna kasha linalozungushwa na gia kubwa ya duara, ambayo mafundi wengi huiita krauni. Ndani ya kasha kuna gia ndogo zenye umbo la koni. Mbili zimeungana na matairi, kila moja upande wake. Nyingine zimekaa katikati juu ya pini. Gari likienda moja kwa moja, kila kitu kinazunguka pamoja. Likikata kona, zile gia za katikati zinajizungusha kidogo na kuruhusu tairi moja liende kasi kuliko jingine.

Shida iko hapa: difu hii ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa, kushoto na kulia. Inasikika kama haki, sivyo? Sasa chukua mfano. Tairi la kushoto liko kwenye tope na linaweza kubeba uniti 100 tu za nguvu kabla ya kuteleza. Kwa kuwa mgao ni sawa, la kulia nalo litapata 100 tu, hata kama limesimama kwenye lami kavu. Jumla ni 200. Yaani mwenye mshiko anapangiwa kiwango na asiye na mshiko. Nguvu zingine zote za injini zinaishia kuzungusha tairi hewani.

Gari la mbio lililotafuna tairi lake lenyewe

Kwa zaidi ya miaka mia moja tabia hiyo ilivumilika, kwa sababu magari yenyewe hayakuwa na nguvu za kutisha. Kisha ikaja miaka ya 1930 na mashindano ya Grand Prix barani Ulaya.

Kampuni ya Auto Union ya Ujerumani ilikuwa na gari lenye injini ya silinda 16 nyuma ya dereva. Mashine ilikuwa noma. Ilikuwa na nguvu kiasi kwamba tairi moja la nyuma liliweza kuteleza na kuzunguka bure hata gari likiwa linakaribia kilomita 160 kwa saa. Mwaka 1935 mbunifu wa gari hilo akawaendea wahandisi wa ZF, kampuni iliyobobea kwenye gia, akaomba difu itakayozuia kuteleza. ZF ikatengeneza difu yenye vipini vinavyoteleza juu ya mabonde ya chuma. Upande mmoja ukitaka kukimbia peke yake, vipini vinabana na nguvu inalazimika kwenda upande wa pili.

Hiyo ndiyo familia ambayo leo kitaa kinaiita LSD, yaani difu yenye kudhibiti kuteleza.

Mwaka 1956 wazo likafika kwa wateja wa kawaida Marekani, pale Packard ilipoanza kuiuza kwenye magari yake. Miaka miwili baadaye, 1958, mvumbuzi mmoja Mmarekani akapata hati miliki ya difu isiyotumia sahani za msuguano kabisa. Yeye alitumia gia zenye meno ya mshazari. Upande mmoja ukianza kukimbia, meno yanasukumana, gia zinabana kwenye kuta za kasha, na nguvu inahamia kwenye tairi lenye mshiko. Uzao wa wazo hilo ndio Torsen, jina ambalo wenye Altezza RS200 wanalijua vizuri, maana baadhi ya matoleo yake yalitoka kiwandani nayo.

Rudi kwenye ule mfano wa tope. Chukulia LSD ya meno inaweza kuupa upande wenye mshiko mara tatu ya upande unaoteleza. La kushoto linabeba 100, la kulia linapata 300. Jumla ni 400. Injini ni ile ile, tairi ni zile zile, ila nguvu inayofika ardhini imekuwa maradufu.

Golf inaingia mjini

Mwaka 1974 Volkswagen ilitoa Golf, gari lililopewa kazi ngumu ya kurithi kiti cha Beetle. Beetle ilikuwa na injini nyuma. Golf ikapindua meza: injini mbele, imelala kwa upana, na matairi ya mbele ndiyo yanayovuta.

Mpangilio huo ulibadilisha maisha ya fundi. Kwenye gari linalovuta kwa nyuma, difu iko peke yake huko nyuma. Unaweza kuishusha, ukaweka nyingine, na giaboksi haijui kitu. Kwenye Golf, difu imo ndani ya giaboksi, nyumba moja, oili moja. Ukitaka kugusa difu, lazima ushushe giaboksi nzima na kuifungua.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipangia bajeti. Kikundi kidogo cha wafanyakazi wa Volkswagen kilianza, bila baraka rasmi, kutengeneza Golf yenye kasi. Mwaka 1975 gari hilo likaonyeshwa Frankfurt, na 1976 likaanza kuuzwa kwa jina la GTI. Lilikuwa na nguvu farasi 110 kwenye mwili mwepesi. Mpango ulikuwa kutengeneza magari 5,000 tu. Mpaka kizazi cha kwanza kinafungwa, GTI zaidi ya 460,000 zilikuwa zimetoka.

Nguvu zikaendelea kupanda. Mwaka 1986 GTI ya valvu 16 ilifika farasi 139. Mwaka huo huo, dereva mmoja kutoka Sweden alitwaa ubingwa wa dunia wa madereva wa Kundi A akiendesha Golf GTI. Mwaka uliofuata akashinda mbio za dunia za Ivory Coast, kwenye vumbi na mashimo ya Afrika, kwa gari linalovuta matairi mawili ya mbele tu.

Kijana aliyeona picha zile Ulaya alitaka na yeye Golf yake itembee hivyo. Akabadilisha kabureta, akabadilisha eksozi, akapandisha injini kubwa. Kisha akatoka taa za barabarani kwa fujo, na chini ya gari kukasikika mlio mmoja mkavu.

Ribiti: kitu kidogo, hasara kubwa

Giaboksi iliyotumika sana kwenye Golf, Jetta na Scirocco za zama hizo inajulikana kwa namba 020. Ilikuwa nyepesi, inaingia gia kwa ulaini, na rahisi kutengeneza kwa wingi. Ila ilikuwa na siri moja. Ile krauni haikufungwa kwa bolti kwenye kasha la difu. Ilifungwa kwa ribiti.

Kwa gari la familia lenye injini ndogo, ribiti zilitosha kabisa. Hazifunguki zenyewe na hazihitaji mtu wa kuzikaza. Hakuna aliyekosea siku ile zilipochaguliwa. Tatizo lilikuja na miaka, kilomita na nguvu zilizoongezwa.

Fikiria difu ya kawaida kwenye barabara yenye mvua. Tairi moja linateleza na kuzunguka kwa kasi, halafu ghafla linakutana na lami kavu na kushika. Kile kishindo chote kinarudi kwenye gia, na ribiti ndizo zinazokibeba. Ukirudia mara mia, zinaanza kulegea. Siku moja kichwa cha ribiti kinakatika na kuanza kusafiri ndani ya nyumba ya aluminiamu iliyojaa gia zinazozunguka. Hakina pa kwenda. Kikibanwa kati ya krauni na ukuta, ukuta ndio unaoshindwa. Giaboksi inatoboka, oili inamwagika barabarani, na gari linarudi nyumbani juu ya lori.

Hapo ndipo mafundi wasio na majina walipoingia kwenye historia. Kwao LSD haikuwa ya kutamba nayo tu. Difu nyingi za aina hii zilizotengenezwa na kampuni huru kwa ajili ya giaboksi hiyo, kama zile za meno za Quaife ya Uingereza, zinafungwa krauni kwa bolti. Yaani ukiweka LSD, unatibu magonjwa mawili kwa dawa moja: tairi haliteleezi hovyo, na ribiti zinaondoka kabisa.

Kuipandisha: kazi ya siku, kosa la sekunde

Mtandaoni inaonekana kama kununua kifaa na kukipachika. Anayeijua kazi anacheka.

Giaboksi inashushwa, shafti za matairi zinatolewa, nyumba inafunguliwa, difu ya zamani inatoka. Krauni bado imeng'ang'ania kasha lake, na ni lazima itoke salama, kwa sababu itatumika tena. Krauni na pinioni yake zimezunguka pamoja miaka mingi, meno yao yamezoeana kama watu wa ndoa ndefu. Ukiharibu moja, mara nyingi unatafuta zote mbili.

Kwa hiyo fundi anatoboa vichwa vya ribiti kwa drili, kimoja kimoja, katikati kabisa. Drili ikiyumba, inakula tundu la krauni, na bolti haitakaa sawa. Akishamaliza anasukuma mabaki nje, kisha anaosha kila kitu. Na hapa pana mtego unaoumiza wengi: unga wa chuma. Chembe zake zikibaki ndani, zitaingia kwenye beringi mpya na kuzisaga kama mchanga.

Krauni inapashwa moto kiasi ili itanuke, inakaa kwenye LSD bila kupigwa nyundo, na inapopoa inashika vizuri. Bolti mpya zinawekwa gundi ya nyuzi na kukazwa kwa spana inayopima nguvu, kwa kupishana pande. Kukaza kwa kukisia mkono hakuna nafasi hapa.

Baadaye zinakuja beringi. Difu inalala juu ya beringi mbili za koni, na beringi za koni zinataka kubanwa kwa kipimo maalum. Kasha la LSD si lazima liwe na upana ule ule wa la kiwandani, hivyo fundi anapima upya na kuchagua shimu, vile vipande vyembamba vya chuma vya kujazia nafasi. Tofauti ya unene wa karatasi inatosha kuharibu kazi. Ukilegeza, krauni inacheza na meno yanalia. Ukibana sana, beringi zinapata moto na kufa mapema.

Bado kuna vitu vidogo vinavyosahaulika. Kwenye giaboksi nyingi za zama zile, gia ndogo inayoendesha waya wa spidi imekaa kwenye difu. Ukisahau kuihamisha, gari linatembea fresh lakini mshale wa spidi umelala. Flenji za shafti nazo zinapaswa kukaa na kushikiliwa kama LSD mpya inavyotaka, na oili sili zibadilishwe wakati kila kitu kiko wazi. Kuacha sili ya zamani ili kuokoa hela ndogo ni kujipangia kushusha giaboksi mara ya pili.

LSD si uchawi

Kuna aina mbili kuu zinazopatikana sana. Ya sahani za msuguano hubana kwa ukali na hupendwa mashindanoni. Ila sahani zinaisha, zinataka oili maalum, na gari likipaki kwa kukata kona kali unaweza kusikia milio ya kuogofya. Kwenye gari linalovuta kwa mbele, usukani nao unakuwa mzito na unaweza kuvutwa kushoto au kulia ukikanyaga mafuta.

Ya meno ni tulivu zaidi. Haina sahani za kuisha, inatumia oili ya kawaida ya giaboksi, na mtaani dereva anaweza hata kusahau kwamba ipo. Lakini ina udhaifu wake. Kazi yake ni kuzidisha nguvu ya upande dhaifu. Tairi likinyanyuka kabisa hewani, upande dhaifu una sifuri, na sifuri ukiizidisha mara tatu inabaki sifuri. Ndiyo maana haiwezi kumtoa kila mtu kwenye kila shimo.

Na tairi zikiwa vipara, hakuna difu itakayomsaidia mtu. LSD inagawa mshiko uliopo. Haina uwezo wa kuutengeneza.

Njia ya mkato inayoua

Kwa kuwa LSD ya maana ina bei ya kuuma, tangu zamani kumekuwa na njia ya maskini: kuchomelea zile gia ndogo za ndani kwa welding mpaka difu igande. Matairi yote mawili yanazunguka kama kitu kimoja. Wanaodrifti kwenye uwanja uliofungwa wamefanya hivyo miaka mingi.

Barabarani ni hadithi nyingine. Difu iliyochomelewa imerudi kabla ya yule Mfaransa wa miaka ya 1820: kila kona tairi moja linaburuzwa. Shafti zinabeba mzigo ambao hazikuumbiwa. Kwenye lami yenye mvua, gari la kuvuta nyuma linaweza kuzungusha mkia bila dereva kuomba. Kwenye gari la kuvuta mbele kama Golf, usukani unapigana na mikono na gari linataka kwenda moja kwa moja pale ambapo barabara imekata. Kipande cha weld kikikatika ndani ya giaboksi, hasara ni ile ile ya ribiti, ila safari hii mtu kajitakia.

Mafundi wale wa zamani walijua jambo hili. Wangeweza kuchomelea na kumaliza kwa saa moja. Wengi walikaa na drili, wakapima shimu moja baada ya nyingine, kwa sababu gari lilikuwa linarudi kwa mteja mwenye watoto kiti cha nyuma.

Kiwanda kinafika mwishowe

Mwaka 2013, Golf GTI ya kizazi cha saba ilipotoka, toleo la Performance lilikuja na difu ya mbele ya kudhibiti kuteleza, inayoendeshwa kwa umeme, kutoka kiwandani. Ilikuwa miaka 37 tangu GTI ya kwanza iuzwe. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, watu wa gereji walikuwa wameshatoa jibu lao kwa mikono yenye grisi, ndani ya giaboksi ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya kitu hicho.

Hakuna sanamu yao na hakuna hati miliki yenye majina yao. Kumbukumbu yao ni Golf za zamani ambazo bado zinatembea, krauni imekazwa kwa bolti, giaboksi haina tundu. Ukiiona moja imepita kimya, imekata kona ya mvua bila tairi hata moja kupiga kelele, ujue kuna mtu alikaa na drili akatoboa katikati.

Sasa swali la mezani: ukipewa Golf ya zamani na bajeti ya kitu kimoja tu, unaongeza nguvu za injini au unaanza na difu? Dondosha jibu lako hapo chini, na kama fundi wako amewahi kuifanya kazi hii, simulia ilikuwaje.